Gari la gemu linagoma kona: anza na dalili kabla ya kugusa namba

Kwenye mabanda ya gemu ya Dodoma, kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu, lalamiko kubwa la wanaocheza mbio za magari ni moja.

"Kaka, hii gari mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Haikati kona."

"Haikati sehemu gani ya kona?"

Hapo kijana ananyamaza, anaitazama skrini, halafu anafungua menyu ya kurekebisha gari na kusogeza kila kitu anachokiona: springi juu, spoila juu, difu chini, gia zote. Akirudi barabarani gari limekuwa baya kuliko mwanzo, na hajui ni badiliko gani lililomponza.

Swali lile la mwisho ndilo lenye dawa. Kona ina sehemu tatu. Kuingia ni pale ulipo bado kwenye breki, au ndiyo kwanza unaiachia na kuanza kukata. Katikati ni pale breki umeachia, mafuta hujakanyaga, na gari linapita karibu na ukingo wa ndani. Kutoka ni pale unaponyoosha usukani huku unakanyaga mafuta. Gari linalosumbua wakati wa kuingia lina vitu vyake vya kugusa, na linalosumbua wakati wa kutoka lina vingine kabisa, hata kama kwa macho yote mawili yanapitiliza nje ya njia. Kwa hiyo kabla hujashika kitelezi chochote, ile alama ya kusogeza namba kwenye menyu, kimbia mizunguko michache ukiwa na swali hilo tu kichwani: ni wapi hasa?

Mahali pazuri pa kufanyia hivyo kwenye Gran Turismo 7 ni Tsukuba, uwanja wa Japani wenye urefu wa mita 2,045. Mzunguko mmoja ni dakika moja na kidogo, kuna kona kali za kurudi ulikotoka, na kuna kona ndefu ya mwisho ya kulia inayokupa muda wa kulisikiliza gari. Ukicheza Forza Horizon 5 au Assetto Corsa, chagua njia fupi moja na usiihame mpaka umalize kazi. Badilisha kitu kimoja, kimbia tena, linganisha. Ukibadilisha viwili kwa pamoja umejinyima jibu.

Lawama zisizo za gari

Matatizo mengi yanayoletwa kama ya setapu, yaani mpangilio wa gari kwenye menyu, si ya setapu. Haya yaondoe kwanza, maana ukilirekebisha gari ili lifunike tatizo la pedi, kifaa cha mkononi cha kuchezea, utakuwa na matatizo mawili.

Gari linavuta kulia au kushoto barabara ikiwa imenyooka. Kama hujaligonga na uharibifu haujawashwa, angalia pedi. Kwetu hapa kiangazi ni kirefu. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unavuma na vumbi linaingia kila penye upenyo, pamoja na ule mwanya mdogo kuzunguka fimbo ya pedi. Ongeza na uchakavu wa fimbo yenyewe, hasa pedi ya bandani inayoshikwa na watu tangu asubuhi. Kupima ni rahisi: nenda kwenye menyu, weka pedi mezani, usiiguse. Kama kiteuzi kinasogea chenyewe, umeshapata mwizi. Ipulize, ipeleke kwa fundi aisafishe au abadilishe fimbo. Kwa muda, gemu zenye mpangilio wa eneo la fimbo lisilosikia, kama Forza na Assetto Corsa, zitakuruhusu kuliongeza kidogo ili mtikisiko ule mdogo upuuzwe. Ukimaliza kucheza ifunike pedi kwa kitambaa. Ni jambo dogo, lakini pedi ni ghali.

Gari linachelewa kuitikia, unakata, haliitiki, unaongeza, halafu linakata kupita kiasi. Hapo mtuhumiwa ni televisheni. Televisheni nyingi bapa huichakata picha kwanza kuipendezesha kabla ya kuionyesha, na uchakataji huo unachukua muda. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kuna watu wamehangaika na alaimenti ya gari kwa wiki nzima kumbe kitufe kilikuwa kwenye rimoti.

Gari ni zito wakati wa kutoka kona, injini kama imezibwa. Angalia msaada wa kuzuia tairi kuteleza, ule unaoandikwa TCS. Kwenye Gran Turismo 7 unaanzia 0 hadi 5. Ukiwa 5, kila tairi linapotaka kuteleza injini inapunguziwa nguvu, na wewe unadhani gia zimekaa vibaya. Wakati wa kutengeneza setapu uweke 1 au 0, hata kama kwenye mashindano utaurudisha. ABS, msaada unaozuia tairi kujifunga wakati wa breki, iache, haikufichi mengi.

Vitelezi vimefungwa, havisogei. Hujanunua vifaa. Gari la kawaida linakuja na springi na shokapu za kiwandani ambazo hazirekebishiki. Nunua seti ya springi na shokapu inayorekebishika kikamilifu, difu inayorekebishika, na gia boksi ya mashindano ukiwa na uwezo. Lakini kabla ya vyote nunua matairi. Tairi laini zaidi litakupa muda mwingi kuliko springi yoyote utakayoisogeza. Na kama unashiriki mbio za mtandaoni ambazo magari yote yamesawazishwa na mipangilio imepigwa marufuku, setapu yako haitafanya kazi hata uipende vipi. Gemu inatumia ya kwake.

Umenakili setapu ya mtu mwenye muda mzuri na gari linakutupa. Hili linawauma wengi. Ile setapu ilitengenezwa kwa tairi fulani, vifaa fulani, na mkono fulani, pengine mkono ulioshika usukani na siyo pedi. Namba nazo hazihami kutoka gemu moja kwenda nyingine. Stebilaiza (chuma kinachozuia gari lisilale sana kwenye kona) ya Gran Turismo 7 inaanzia 1 hadi 10. Ya Forza Horizon 5 inaanzia 1 hadi 65. Nane ya huku ni ngumu sana, nane ya kule ni laini sana. Chukua setapu ya mwenzako kama pa kuanzia, ukimbie nayo, halafu uliza lile swali la wapi.

Linapitiliza wakati wa kuingia kona

Sababu ya kwanza ni spidi, na hakuna kitelezi cha kuiponya. Tairi la mbele lina kiasi fulani cha mshiko. Ukikitumia chote kwa kufunga breki, hakuna kinachobaki cha kukatia kona. Ndiyo maana breki inakanyagwa kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha inaachiwa taratibu kadiri usukani unavyoongezeka. Usiiachie yote kwa mkupuo. Daladala likifunga breki ghafla, abiria wote wanakwenda mbele. Uzito wa gari nao unafanya vivyo hivyo, na tairi lililoongezewa uzito linashika zaidi. Ile breki kidogo unayobaki nayo mwanzoni mwa kona ndiyo inayoibana pua chini. Ukiiachia ghafla uzito unarudi nyuma, na pua inakuwa nyepesi pale pale unapoihitaji.

Sababu ya pili ni kidole gumba. Kuna mwanafunzi mmoja nilimkuta akikimbiza Honda Civic Type R ya 1998 pale Tsukuba. Kila kona alikuwa akiisukuma fimbo hadi mwisho na kuiacha hapo, na kadiri gari lilivyopitiliza ndivyo kidole kilivyozidi kukaza. Chini ya skrini, alama za matairi mawili ya mbele zilikuwa nyekundu kona nzima. Nikamwambia, "Mdogo wangu, rudisha fimbo kidogo, kama robo hivi." Akarudisha. Wekundu ukapungua, mlio wa tairi ukashuka, na pua ikaanza kuingia ndani ya kona bila yeye kugusa menyu. Tairi lina pembe ambayo linashika vizuri kuliko zote. Ukilipinda kuzidi hapo linaburuzika tu. Fimbo ya pedi ni fupi na inafika mwisho upesi, kwa hiyo kosa hili ni la wengi sana.

Kama umeshayajua hayo na bado linapitiliza mwanzoni, sasa fungua menyu. Sogeza uwiano wa breki hatua moja kuelekea nyuma, ili tairi za mbele zisibebe kazi yote ya kusimamisha gari. Jaribu. Halijatosha? Angalia difu, gia zinazogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia, upande wa kuachia mafuta. Difu iliyokaza upande huo inalazimisha tairi mbili za kuendeshea zizunguke kwa spidi moja wakati kona inataka la nje lizunguke haraka kuliko la ndani, na matokeo yake gari linang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Ilegeze. Mwisho ni alaimenti ya mbele: zifungue tairi za mbele zitazame nje kidogo sana, sehemu ya kumi ya digrii au chini yake. Pua itaitika haraka. Gharama yake ni kwamba gari litakuwa na wasiwasi barabara ikinyooka, na ukizidisha utakuwa unalichunga gari mpaka mstari wa kumalizia.

Linapitiliza katikati ya kona

Hapa ndipo stebilaiza inapofanya kazi, na ningependa kila anayejifunza aielewe vizuri kabla ya kitu kingine chochote kwenye menyu, kwa sababu ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuhamisha mshiko kati ya mbele na nyuma.

Mafundi wa gereji zetu wanaijua kwa linki zake, zile zinazoanza kugonga ukipita kwenye barabara mbovu. Ni chuma kirefu kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia. Gari likikata kona linalalia upande wa nje, na chuma kile kinazuia lisilale sana. Sasa sikiliza kinachotokea kwenye tairi. Stebilaiza ya mbele ikiwa ngumu, mzigo mwingi zaidi unahamia kwenye tairi la nje la mbele, na la ndani linabaki jepesi. Kama tairi lingekuwa linaongeza mshiko sawasawa na mzigo, hasara na faida zingefutana. Haliko hivyo. Tairi likibebeshwa mzigo mara mbili linashika zaidi, lakini halishiki mara mbili. Ukijumlisha la nje na la ndani, ncha ile ya gari yenye stebilaiza ngumu imepoteza mshiko.

Kwa hiyo gari linalopitiliza katikati ya kona linataka stebilaiza ya mbele ilegezwe, au ya nyuma ikazwe. Ipi kati ya hizo? Angalia mwili wa gari kwenye marudio ya video. Kama gari linalala sana na linachelewa kubadili upande kati ya kona ya kushoto na ya kulia, kaza nyuma. Kama nyuma tayari ni nyepesi, usiiguse, legeza mbele. Kwenye Gran Turismo 7 nenda hatua moja moja. Kwenye Forza Horizon 5 hatua moja huwezi kuisikia, nenda tatu hadi tano kwa pamoja. Watu wengi huanza na springi, na springi kweli zinafanya kazi inayofanana, ila zinabadilisha pia tabia ya gari kwenye breki na kwenye mashimo, hivyo unafungua milango mingi kwa wakati mmoja.

Kinachofuata ni kemba, ule mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje linasimamia ukingo wake wa nje. Kemba hasi inalirudisha likanyage lami kwa upana wake. Zaidi ya hapo unapoteza mshiko wa breki na wa kuondokea, kwa sababu barabara ikinyooka tairi linakanyaga kwa ukingo wa ndani tu. Forza ina kitu kizuri sana cha kukusaidia hapa: ukifungua vipimo vya gari wakati unakimbia, unaona joto la kila tairi kwa sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Ukingo wa ndani ukiwa na joto kupita sana ule wa nje, punguza kemba. Ukingo wa nje ukiwa wa moto zaidi, ongeza. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo zote mbili, upepo wa tairi umezidi. Kingo zikiwa na joto kuliko katikati, upepo ni mdogo. Kumbuka upepo hupanda tairi likipata joto, hivyo usiamue kwa mzunguko wa kwanza. Gran Turismo 7 haina kitelezi cha upepo wa tairi, usipoteze muda kukitafuta.

Kipimo kimoja zaidi kabla hujaondoka sehemu hii: je, linapitiliza kwenye kona zote, au kona za kasi peke yake? Suzuka, uwanja mwingine wa Japani, ni mahali pazuri pa kuuliza. Kuna kona kali ya kurudi ulikotoka na kuna kona iitwayo 130R inayopitwa kwa spidi kubwa. Kama kona kali inakatika vizuri na 130R inakutoa nje, usiguse stebilaiza. Tatizo ni upepo unaolikandamiza gari chini. Nguvu hiyo inakua kwa kipeo cha pili cha spidi, yaani ile unayoipata ukiwa kilomita 200 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 100. Ongeza mkandamizo wa mbele, au punguza wa nyuma. Na kwa sababu hiyo hiyo, spoila kubwa, lile bawa la kuleta mkandamizo, haikusaidii chochote kwenye kona unayoipita kwa kilomita 60.

Mkia unachomoka

Hili linatisha zaidi ya kupitiliza, na wengi gari likishawazungusha mara mbili wanaliacha hata kama ni zuri. Tafadhali usiliache. Rudi kwenye swali la wapi.

Unachomoka wakati wa breki au ukiachia mafuta ghafla. Tairi za nyuma zimeachwa bila uzito. Rudisha uwiano wa breki mbele hatua moja. Kaza kidogo difu upande wa kuachia mafuta. Ukazaji ule ule uliokuwa ugonjwa kwenye kupitiliza, hapa ni dawa, kwani unaitaka nyuma itulie. Zifunge tairi za nyuma zitazame ndani kidogo. Na uangalie mkono wako wa gia: ukishusha gia mapema mno injini inazibana tairi za nyuma kama breki ya ziada. Porsche 911, ambayo injini yake inakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, haisamehi kabisa mtu anayeachia mafuta kwa hofu katikati ya kona. Gari hilo linataka uamue spidi kabla ya kuingia, kisha ubaki na mafuta kidogo mguuni.

Unachomoka wakati wa kutoka, ukikanyaga mafuta. Hili ni la magari yanayoendeshwa na tairi za nyuma, na lina sura mbili zinazotaka dawa zinazopingana. Watu hukosea hapa kwa sababu zote mbili zinaanza kwa mguu ule ule. Tumia masikio. Ukikanyaga na injini ikapiga kelele ghafla, mshale wa mizunguko ya injini ukaruka, lakini gari haliondoki na mkia hautoki sana, basi tairi la ndani peke yake ndilo linalozunguka bure. Difu imelegea, kaza upande wa kukanyaga mafuta. Ukikanyaga na mkia ukatoka mara moja kwa pigo moja, basi tairi zote mbili zimepoteza mshiko kwa pamoja. Difu imekaza mno, legeza. Bado? Legeza stebilaiza ya nyuma, halafu springi za nyuma. Na kabla ya yote hayo, kanyaga kitufe cha mafuta kwa hatua. Vitufe vya nyuma vya pedi vina urefu wa safari. Utumie urefu huo wote, usivipige kama swichi ya taa.

Gari la kuvutwa na tairi za mbele, kama ile Civic, halichomoi mkia ukikanyaga. Linapitiliza. Hapo difu ya mbele iliyokazwa kiasi inasaidia kulivuta gari ndani ya kona, ukizidisha usukani unakuwa mzito na linanyooka. Kwa Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer Evolution na Nissan Skyline GT-R, zinazoendeshwa na tairi zote nne, kama linapitiliza wakati wa kutoka, peleka sehemu kubwa zaidi ya nguvu nyuma kabla hujagusa kingine.

Unachomoka kwenye kona za kasi tu. Ongeza spoila ya nyuma. Imekwisha.

Gari linarukaruka

Mtu amelishusha gari mpaka chini kwa sababu lipo zuri kwenye picha, amekaza springi kwa sababu magari ya mashindano ni magumu, halafu anakwenda Nürburgring. Njia ile ya zamani, Nordschleife, ina urefu wa takribani kilomita 20.8, safari ya kutoka katikati ya Dodoma hadi Mji wa Serikali Mtumba na kuzidi kidogo, na imejaa vilima, mabonde na matuta. Kuna kona ya Karussell ambayo upande wake wa ndani ni zege lenye viungio. Gari lililoshushwa mpaka chini linagonga tumbo hapo, na tumbo likigonga, tairi zinabaki hewani.

Inua gari kwanza. Kisha legeza springi. Watu wa kwetu wanaoinua gari ndogo ili zihimili njia za vijijini wanafuata sababu ile ile: tairi linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka ili liendelee kugusa ardhi. Tairi lisilogusa ardhi halikati kona wala halishiki breki.

Shokapu njoo nazo mwisho. Kumbuka springi inaamua gari litazama kiasi gani, shokapu inaamua litazama na kurudi kwa haraka gani. Kama gari likipita tuta linaendelea kupanda na kushuka mara kadhaa, ongeza ugumu wa kurudi. Kama ukipanda ukingo wa njia gari linarushwa pembeni kwa pigo moja, punguza ugumu wa kubanwa. Kama halifanyi lolote kati ya hayo, ziache zilivyo.

Spidi haifiki, au injini inagota kabla ya mwisho

Injini ikigota kwenye ukomo wa mizunguko huku barabara bado inaendelea, gia ni fupi. Punguza namba ya gia ya difu, au ongeza spidi ya juu kwenye gia boksi. Ukimaliza barabara yote na gia ya mwisho hujaigusa, gia ni ndefu, pandisha namba. Lenga gia ya mwisho ikaribie ukomo pale unapoanza kushika breki kwenye barabara ndefu kuliko zote za uwanja huo. Viwanja vinatofautiana, kwa hiyo gia za Monza hazifai Tsukuba.

Kama gia zimekaa sawa na bado spidi haipandi, tazama spoila. Mkandamizo wote unalipiwa kwa ukinzani wa hewa.

Setapu ilikuwa nzuri jana, leo mbaya

Kwanza uliza kama unakimbia kwa masharti yale yale. Tangi likijaa mafuta gari ni zito. Tairi likichakaa linashika kidogo. Ukibadilisha tairi laini kwa gumu, setapu yote inahama. Pili, uliza kama gemu imesasishwa. Sasisho la Gran Turismo 7 la Julai 2024 liligusa tabia ya springi na matairi, na baadhi ya magari yakaanza kurukaruka hata kufikia kuruka hewani, mpaka marekebisho mengine yalipotoka. Mtu aliyekuwa amelala na setapu nzuri aliamka na gari jingine, bila kosa lake.

Kwa hiyo namba ziwe kwenye daftari. Andika gari, uwanja, tairi, muda, na badiliko moja ulilofanya, kwa mstari mmoja. Umeme ukikatika, au bando likiisha katikati, na Gran Turismo 7 kwa sehemu kubwa inahitaji intaneti muda wote, daftari bado lipo. Bandani, ambako akaunti moja inatumiwa na kila mtu na anayekufuata atasogeza vitelezi vyako, ndilo linaloitunza setapu yako.

Gari liko vizuri mkononi, muda haushuki

Hii ndiyo dalili ya mtu aliyeshayavuka yote ya juu, na ni ngumu kwa sababu hakuna kinachouma. Mara nyingi gari limefanywa salama kupita kiasi: spoila kubwa, nyuma imetulia mno, difu imelegezwa mpaka haivuti. Usilitafute kosa kwa hisia. Washa gari la kivuli, lile linalorudia mzunguko uliokwisha kukimbiwa, la mzunguko wako bora, au pakua la mtu anayekuzidi kidogo, na utazame ni wapi linakuacha. Likikuacha kwenye barabara iliyonyooka, toa spoila kidogo na upime tena. Likikuacha katikati ya kona, una mshiko ambao hujautumia: ingia kwa kasi zaidi kidogo kabla ya kubadilisha chochote. Likikuacha wakati wa kutoka, tazama lilianza kukanyaga mafuta wapi, kisha tazama ulianza wapi wewe. Kama ulichelewa kwa sababu gari bado lilikuwa linatazama nje, tatizo lako liko kwenye kuingia, hatua mbili nyuma ya pale ulipokuwa unalitafuta. Anza na uwiano wa breki, hatua moja.